Handbreki ya kitufe: yajue haya kabla ya kubadili pedi za nyuma nyumbani

Ujumbe ulitufikia tukiwa hewani, dakika chache kabla ya taarifa ya habari ya saa moja asubuhi. "Habari za asubuhi watangazaji. Gari yangu haina handbreki ya kuvuta kwa mkono, ina kitufe. Pedi za nyuma zimeisha. Je, naweza kubadili mwenyewe hapa nyumbani kama nilivyozoea kwenye gari yangu ya zamani?" Tulimjibu haraka haraka kwamba inawezekana ila awe mwangalifu, kisha tukaingia kwenye habari.

Jibu lile halikumsaidia kitu. Awe mwangalifu na nini? Tuliona aibu zaidi kwa sababu sisi wenyewe tuna gari la matangazo ya nje ambalo kalipa yake ya nyuma iliharibiwa na kosa ambalo msikilizaji huyu alikuwa anakaribia kulifanya. Kwa hiyo tumelirudia swali lake hapa, kwa urefu unaostahili.

Mota ndogo nyuma ya tairi

Handbreki ya umeme si kitu kipya duniani. BMW waliiweka kwenye 7 Series ya mwaka 2001, na Volkswagen wakaisogeza karibu na watu wa kawaida kupitia Passat ya mwaka 2005. Kwetu imechelewa kuonekana kwa sababu magari mengi tunayonunua yametumika kwanza Japani, na hutufikia yakiwa na miaka kadhaa mgongoni. Sasa yamefika. Honda Vezel inayo, Toyota C-HR inayo, na Mazda CX-5 ilianza kuwa nayo kwenye toleo lililoboreshwa mwaka 2015. Ukiingia kwenye gari ukakuta kati ya viti vya mbele hakuna mkono wa kuvuta, na chini miguuni hakuna ile pedeli ndogo ya kushoto kabisa, bali kuna kitufe chenye herufi P ndani ya duara, basi gari hilo linakuhusu.

Breki ya mguu kwenye magari haya inafanya kazi kama zamani. Ndani ya kalipa kuna pistoni, mfano wa kikombe cha chuma kilicholala. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki yanaisukuma pistoni, nayo inazibana pedi kwenye diski. Kilichobadilika ni namna gari linavyozuiwa likiwa limeegeshwa. Zamani waya ulivutwa kwa mkono. Sasa nyuma ya kila kalipa ya nyuma kuna mota ndogo ya umeme. Mota inazungusha gia za kupunguza mwendo, gia zinazungusha skrubu, na juu ya skrubu hiyo kuna nati iliyojificha ndani ya pistoni. Ukivuta kitufe, nati inasogea mbele, inagusa kitako cha pistoni kwa ndani na kuisukuma mpaka pedi zibane diski.

Kompyuta ya gari inajuaje kwamba imetosha? Inapima umeme unaovutwa na mota. Pedi zikishagusa diski mota inaanza kuelemewa, umeme unapanda, kompyuta inakata. Nguvu inayobaki ikibana pale inalingana na uzito wa tani moja na nusu au zaidi, kwenye kila tairi. Hata betri ikifa breki haiachii, kwa sababu skrubu ya aina hii hairudi nyuma bila kuzungushwa.

Kuna jambo moja hapa ambalo ukilielewa, mengine yote katika makala hii yatakuwa mepesi. Unapoachia handbreki, nati hairudi mpaka mwisho. Inarudi kidogo tu, kiasi cha kuiacha diski izunguke kwa uhuru. Pedi zinapozidi kuisha, nati inazifuata mbele, mwezi baada ya mwezi. Siku pedi zimebaki nyembamba kama kadi, nati imekaa mbele sana na pistoni imetoka nje sana. Pedi mpya ni nene, kwa hiyo lazima pistoni irudi ndani ili zipate nafasi. Lakini nyuma ya pistoni kuna nati, imesimama kama mlango uliokomewa. Ukiisukuma kwa nguvu unapigana na skrubu, gia na mota kwa wakati mmoja.

Kilichotupata sisi

Mwaka jana pedi za nyuma za gari letu zilianza kulia. Tulilipeleka kwa fundi aliyetuhudumia miaka mingi, mtu aliyefungua breki nyingi kuliko mara ambazo sisi tumewasha maikrofoni. Alifanya kama alivyofanya siku zote. Alifungua kalipa, akachukua kile kifaa cha kuzungushia pistoni, akaanza kuizungusha ili irudi, maana kwenye kalipa nyingi za nyuma za magari yenye handbreki ya waya pistoni hurudi kwa kuzungushwa. Haikurudi. Akaongeza nguvu, ikakataa. Akaleta klampu kubwa, akakaza, akakaza tena, mpaka tukasikia mlio mdogo wa "ta!" na pistoni ikaingia.

"Imeingia, bosi. Ilikuwa imejamu tu," alisema, akipangusa mikono.

Siku hiyo hiyo taa ya njano ya handbreki iliwaka kwenye dashibodi. Dereva wetu aliambiwa itazimika yenyewe. Haikuzimika, na sote tukaizoea, kama mtu anavyozoea redio ya jirani.

Wiki mbili baadaye tulikwenda Tukuyu kurusha matangazo ya moja kwa moja. Aliyewahi kufika Tukuyu anajua kwamba kupata sehemu tambarare ya kuegesha gari huko ni bahati. Dereva aliweka gia kwenye P, akavuta kitufe, akashuka. Gari likarudi nyuma kama nusu hatua, likashtuka kwa kishindo, likasimama. Kilicholizuia ni kijino cha chuma ndani ya gia boksi kinachofunga P, na kijino hicho hakikuwekwa pale kibebe peke yake gari lililosheheni vifaa kwenye mteremko. Kijana aliyekuwa anauza ndizi nyuma ya gari alikuwa amesogea pembeni muda huo huo kumrudishia mteja chenji.

Kalipa ilipofunguliwa, gia za plastiki ndani ya mota ya kushoto zilikuwa zimekatika meno. Kumbe kwa wiki mbili gari lilikuwa linazuiwa na tairi moja. Tuliagiza kalipa nzima kutoka Dar es Salaam, ikaja kwa basi la usiku, na bei yake ilizizidi mbali pedi zilizotupeleka gereji.

Tunaweza kumlaumu fundi, na kosa ni lake. Lakini kitabu cha ufundi cha gari lile hakijawahi kumfikia mikononi, na hakuna aliyemwambia kwamba pistoni ile haizungushwi. Taa ya njano, hata hivyo, ilikuwa mbele ya macho yetu sisi kila asubuhi.

Angalia una aina gani

Handbreki za kitufe ziko za namna mbili, na usipojua yako ni ipi unaweza kuhangaika bure au kuharibu.

Namna ya kwanza ndiyo tuliyoieleza, mota juu ya kalipa. Chungulia nyuma ya tairi la nyuma ukiwa na tochi. Ukiona kijisanduku cheusi kama ngumi kimefungwa kwa skrubu mbili mgongoni mwa kalipa, na waya wenye plagi unaingia ndani yake, ni hiyo. Magari mengi mapya yanatumia namna hii.

Namna ya pili ina mota moja tu chini ya gari, inayovuta waya kama mkono wako ulivyokuwa unavuta. BMW 7 Series ya mwaka 2001 ilitumia namna hii, na pia Subaru Legacy na Outback za kizazi kilichoanza mwaka 2009. Kwenye magari hayo breki ya kuegeshea mara nyingi ni lainingi ndogo zilizofichwa katikati ya diski, mbali kabisa na pedi. Kubadili pedi peke yake hakuigusi mota. Ugumu unakuja ukitaka kuvua diski, kwa sababu lainingi zinaishikilia kwa ndani na lazima zilegezwe kwanza.

Pedi za mbele, kwa kawaida, hazina uhusiano na kitufe na zinabadilishwa kama kwenye gari lolote. Usije ukatozwa bei ya "gari la kompyuta" kwa pedi za mbele.

Kazi yenyewe, nyuma ya studio

Kalipa mpya ilipofika tulimtafuta fundi mwingine, kijana aliyewahi kufanya kazi kwenye gereji kubwa kabla ya kujitegemea. Tulimwomba aifanye kazi kwenye uwanja wa nyuma ya studio ili tuone kila hatua. Upande wa kulia tulibadili pedi tu, na huo ndio mfano unaomfaa mwenye gari aliye nyumbani.

Alianza na kuzuia gari. Hatua hii kwenye magari ya namna hii ina uzito kuliko tulivyodhani, kwa sababu handbreki yenyewe itakuwa imeachiwa muda wote wa kazi. Alitafuta sakafu ngumu na tambarare, akaweka P, akaweka kabari za mbao mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Baada ya kuinua gari kwa jeki alilishusha juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Tunajua mitaani kwetu matofali ndiyo stendi, na tofali la saruji likipasuka halikupi muda wa kutoka.

Kisha alifungua boneti na kutazama kichupa cha mafuta ya breki. Pistoni ikirudi ndani inarudisha mafuta juu, na kichupa kilichojazwa mpaka mdomoni kitamwagika. Mafuta ya breki yanakula rangi ya gari. Yakimwagika, osha kwa maji mengi hapo hapo.

Alipima pia nguvu ya betri, akaiunganisha na chaja. Tulimuuliza kwa nini, wakati gari liliwaka vizuri asubuhi. "Kaka, hizi mota zinakula umeme. Betri ikilegea katikati, nati inasimama njiani na kompyuta inachanganyikiwa," alisema.

Ndipo alipochomeka mashine ya kupimia gari kwenye soketi yenye matundu 16 iliyo chini ya usukani, akaingia sehemu ya breki, akachagua kazi ya kubadili pedi. Kutoka nyuma tukasikia mlio mwembamba wa mota kwa sekunde chache, kulia na kushoto, halafu kimya. Nati zilikuwa zimerudi mpaka mwisho. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na bado hakuna hata spana moja iliyokuwa imeguswa. Shika mpangilio huo: nati zinarudishwa kwanza, kalipa inafunguliwa baadaye.

Alichofanya baada ya hapo kilituchekesha. Alichomoa ufunguo, akampa mwenzetu mmoja na kumwambia aupeleke mbali. Ukafungiwa kwenye droo ya studio. Si mzaha. Magari mengi ya aina hii yana tabia ya kufunga handbreki yenyewe injini ikizimwa au mlango wa dereva ukifunguliwa, na mengine yanaamka ufunguo wake ukiwa karibu. Mtoto akikaa kwenye kiti cha dereva akachezea kitufe wakati vidole vyako viko kati ya pistoni na chuma, zile tani moja na nusu tulizozitaja zinakuwa juu ya vidole. Na kama vidole havipo, pistoni inaweza kusukumwa itoke kabisa kwenye kalipa, mafuta yamwagike, na kazi ya saa moja igeuke kazi ya siku mbili.

Kufungua kalipa hakukuwa na maajabu. Skrubu mbili, kalipa ikatoka, akaifunga kwa waya kwenye springi ili isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Pedi za zamani zikachomolewa. Kwa kuongozwa na macho tu, pedi ikibakiza milimita 3 za lainingi au pungufu imefikia muda wake. Diski nayo ina unene wa chini unaoruhusiwa, umechapwa kwenye ukingo wake baada ya maneno MIN TH. Diski iliyopita chini ya hapo usiiwekee pedi mpya ukadhani umefanya matengenezo.

Vumbi la breki hakulipuliza, si kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Alilowesha na kusugua kwa brashi. Pedi nyingi za zamani duniani zilikuwa na asbesto, na huwezi kujua kwa kutazama pedi uliyoikuta kwenye gari la mtu ilitengenezwa na nini.

Pistoni ikarudi ndani kwa klampu ya chuma yenye umbo la herufi G, ile wanayotumia maseremala kushikilia mbao, akiwa ameweka pedi kuukuu katikati ili nguvu ienee sawasawa. Aliisukuma moja kwa moja, bila kuizungusha, polepole. Iliingia kwa mkono mmoja. Tulitazamana. Ni pistoni ya aina ile ile iliyopigana na mwanamume mzima mwaka jana mpaka ikavunjika.

"Ikigoma, usiongeze nguvu," alisema fundi. "Simama. Ama nati haijarudi, ama pistoni ina kutu. Vyote viwili havitaki ubabe."

Kabla ya kuweka pedi mpya alichomoa pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake, akazisafisha na kuzipaka grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mipira ya pini, na pini zikakwama. Skrubu alizikaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Kuna magari, Volkswagen nyingi zikiwamo, ambayo kitabu kinataka baadhi ya skrubu za breki ziwe mpya kila zinapofunguliwa. Watu wanaruka gharama hiyo. Sisi tusingeiruka.

Kisha ikaja hatua ambayo wengi wanaisahau kwa furaha ya kumaliza. Kabla ya kurudisha nati, kabla ya kuwasha injini, alikanyaga breki ya mguu polepole mara nyingi mpaka pedeli ikawa ngumu. Pistoni ilikuwa imesukumwa mbali na pedi, na bila kukanyaga hivyo breki ya kwanza ungeipata hewani, gari likiwa limeshaanza kutembea kuelekea ukuta wa jirani. Pedeli ilipokaza ndipo alipoiambia mashine itoke kwenye hali ya matengenezo. Mota zikalia tena, nati zikasogea mbele na kuzikuta pedi mpya. Akavuta na kuachia kitufe mara tatu. Taa zote zikazimika. Akakagua tena mafuta kwenye kichupa.

Kama huna mashine

Hapa ndipo maswali mengi ya wasikilizaji yanapokwama. Vile vifaa vidogo vya bei nafuu vya kuunganisha gari na simu kwa bluetooth vinasoma matatizo ya injini, lakini vingi haviwezi kuongea na kompyuta ya breki. Kabla ya kununua, uliza kitu kimoja tu: kinarudisha mota za handbreki kwa gari langu, la mwaka huu? Muuzaji akijibu "kinafanya kila kitu", rudisha hela mfukoni.

Habari njema ni kwamba baadhi ya Mazda, Honda na Toyota zina hali ya matengenezo inayofunguliwa bila mashine, kwa mpangilio maalumu wa kukanyaga pedeli na kubonyeza kitufe huku swichi ikiwa ON. Mpangilio huo unatofautiana kwa gari na kwa mwaka, ndiyo maana hatuuandiki hapa. Ule wa gari la rafiki yako unaweza usifanye lolote kwako, au ufanye kitu tofauti. Utafute kwenye kitabu cha ufundi cha gari lako hasa, na baada ya kuufuata sikiliza mlio wa mota pande zote mbili kabla ya kuamini.

Usiposikia mlio, nati hazijarudi. Ni kipimo rahisi hivyo.

Njia nyingine ni kuivua mota kutoka mgongoni mwa kalipa kwa biti yenye umbo la nyota, kisha kuizungusha skrubu ya ndani kwa mkono mpaka nati irudi. Mafundi makini wanaitumia, hasa betri ikifa handbreki ikiwa imefungwa na gari likagoma kusogea. Inafaa, kwa masharti mawili: uizungushe kwa upande sahihi na usiibane ikifika mwisho, na uurudishe mpira mdogo wa duara unaozuia maji kuingia kwenye mota. Mpira huo ukiachwa ukiwa umechanika, masika moja inatosha kuijaza mota kutu.

Halafu kuna njia ya mitaani: kuchomoa plagi ya mota na kuipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili. Tumeiona ikifanywa na ikafaulu. Hatuipendekezi. Tulisema kwamba kompyuta ndiyo inayopima umeme na kukata kwa wakati. Ukiwa na nyaya mbili mkononi, kompyuta haipo. Ukigeuza nyaya, nati inakwenda mbele badala ya nyuma. Ukichelewa sekunde moja, nati inajikaza mwishoni kabisa mwa skrubu na huenda isitoke tena. Unaokoa hela ya kukodi mashine, unahatarisha kalipa.

Wenye mashine kamili hapa mjini siku hizi wapo wa kutosha, na wengine wanakubali kuja nyumbani, kurudisha nati, kukuachia ufanye kazi yako na kurudi kufunga. Kwa anayependa kushika spana mwenyewe, tunaona hayo ndiyo mapatano mazuri zaidi. Kubalianeni bei ya safari zote mbili mapema.

Jaribu kwenye mteremko kabla ya kuamini

Baada ya kushusha gari, tulikwenda kwenye kilima kifupi chenye watu wachache. Fundi aliweka gia kwenye N, akavuta kitufe, akaachia breki ya mguu kidogo kidogo huku unyayo ukiwa juu yake. Gari halikusogea. Akageuza, tukajaribu likitazama juu. Halikusogea. Jaribio hili ukilifanya kwenye P halikuambii chochote, kwa sababu kile kijino cha gia boksi kitaficha kosa, kama kilivyotufichia sisi mpaka Tukuyu.

Pedi mpya hazishiki kikamilifu siku ya kwanza. Tuliambiwa tushuke kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa hadi 10 mara kadhaa, kwa breki ya wastani, tukiacha nafasi ya kupoa kila mara, na tusikanyage ghafla kwa siku chache isipokuwa kwa dharura. Kwa anayeishi mkoa huu, siku hizo chache zisiwe siku za kuteremka Mlima Iwambi na mzigo.

Zipo hali ambazo hata mtu mwenye mikono mizuri anapaswa kuziacha kwa fundi: mafuta ya breki yakivuja popote, mpira wa pistoni ukiwa umechanika, au taa ya handbreki ikiwaka kabla hujaanza kazi. Taa hiyo ikiwaka mapema, kuna tatizo ambalo pedi mpya haziliondoi.

Tulimtumia msikilizaji wetu haya yote kwa sauti, vipande vinne. Jumapili alituletea picha. Alimwita mwenye mashine, akabadili pedi mwenyewe uani, watoto wakiwa wamefungiwa ndani pamoja na ufunguo. Katika picha amezipanga pedi kuukuu nne juu ya gunia. Tatu zimeisha sawasawa. Ya nne, ya ndani upande wa kulia, imelika mpaka kwenye chuma. "Hii moja imekuwaje?" aliuliza. Tulimwonyesha fundi ile picha. Alisema ni pini ya kuteleza iliyokwama, arudi aichomoe, aisafishe na kuipaka grisi kabla wiki haijaisha, la sivyo pedi mpya ya upande huo itafuata njia hiyo hiyo.